Mbwa Anakupenda au Anapenda Chakula Chako? Tuufungue Ubishi Huu

Mtu akiweka mtandaoni picha ya mbwa wake aliyekufa, akaandika chini yake maneno mawili matatu ya majonzi, ubishi haukawii kuzuka. Mmoja atampa pole. Mwingine atashangaa mtu mzima anamliliaje mnyama. Wa tatu atasema mbwa hajui mapenzi, anajua sahani tu, na ukimpunguzia chakula atahamia kwa jirani. Hapo wenye mbwa huchachamaa, na baada ya saa chache mwenye msiba amesahaulika, watu wanarushiana maneno.

Ubishi huo hauishi kwa sababu umebeba maswali kadhaa kwa mpigo. Mnyama ana hisia yoyote kwetu? Sisi tunapata nini kwake? Kumhuzunikia akifa ni jambo la mtu mwenye akili timamu? Maswali hayo yamechunguzwa kwa miongo mingi na watu waliokaa na wanyama wakawapima mwenendo, mkojo na hata ubongo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mapenzi kati ya mtu na mnyama wake ni ya kweli na yanastahili kusherehekewa bila aibu. Ila mnyama anapenda kwa namna ya aina yake, na anayemchukulia kama mtu mdogo mwenye manyoya humkosea bila kukusudia.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mnyama kipenzi ni yule tunayeishi naye kwa sababu tunapenda kuwa naye, tofauti na ng'ombe anayefugwa kwa maziwa au kuku kwa mayai. Mpaka wenyewe si mgumu. Mbwa anayelinda lango usiku anaweza kuwa kipenzi cha nyumba nzima mchana, na paka aliyeletwa kumaliza panya mara nyingi huishia kulala kitandani.

Tofauti inayochanganywa zaidi ni ile kati ya mnyama aliyezoeshwa na mnyama wa jamii iliyofugika. Kuzoeshwa ni habari ya mnyama mmoja. Ukimlea tumbili tangu mchanga atakuzoea, lakini watoto wake watazaliwa wa porini kama babu zao. Kufugika ni habari ya ukoo mzima: kizazi baada ya kizazi, wale wasioogopa watu ndio wanaopata nafasi ya kuishi karibu nao na kuzaa, mpaka upole unakuwa wa kuzaliwa nao. Mwaka 1959, huko Siberia, mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza jaribio lililoonyesha jambo hili mchana kweupe. Alichukua mbweha waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya manyoya, na katika kila kizazi akawazalisha wale tu waliokuwa wapole kwa watu. Hakuchagua rangi wala umbo. Vizazi vichache baadaye walizaliwa mbweha waliomtikisia mtu mkia na kumlamba mikono, na baadhi yao wakatokea na mabaka meupe na masikio yaliyolegea, alama ambazo tumezizoea kwa mbwa.

Walianzaje kuishi nasi

Mbwa ndiye wa kwanza kabisa. Ukoo wake unatokana na mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini (si wale wenye mabaka wa mbuga za Afrika), na alikuwa tayari ni mbwa wakati watu wote duniani bado wanaishi kwa kuwinda na kuokota matunda, kabla ya shamba la kwanza kulimwa.

Mwaka 1914, wachimba mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, walifukua kaburi lenye umri wa takriban miaka 14,000. Ndani yake mlikuwa na mwanamume, mwanamke na mabaki ya mbwa. Meno ya mbwa huyo yalipochunguzwa upya karibu karne moja baadaye, yalikutwa na kasoro zinazoonyesha kwamba alipokuwa mdogo aliugua vibaya, yaelekea ule ugonjwa wa virusi unaowaua mbwa wadogo kwa kuhara, kutapika na degedege. Aliugua zaidi ya mara moja, akapona kwa muda, akafa akiwa na miezi saba hivi. Fikiria maana yake. Mtoto wa mbwa anayetapika na kutetemeka hawindi, halindi, hana kazi yoyote. Ili afike miezi saba ilibidi mtu amsafishe, ampe maji, amtie joto, wiki baada ya wiki, bila kutarajia malipo. Kisha akazikwa pamoja na watu. Anayedhani kumpenda mbwa ni starehe ya watu wa kisasa waliokosa kazi ya kufanya, na atafakari kaburi hilo.

Paka alikuja baadaye na kwa njia nyingine. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walifuata nafaka, na paka mwitu wa Afrika, ambaye ndiye babu wa paka wote wa nyumbani, alifuata panya. Hakuna aliyemwita. Alikuja kwa shughuli zake akaachwa akae. Lakini huko kisiwani Kipro (Cyprus), kwenye kaburi la miaka 9,500 hivi, mtu alizikwa na paka wake akalazwa umbali wa chini ya nusu mita kutoka kwake. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo kuna watu waliompakia paka kwenye chombo wakavuka naye bahari.

Twende kwenye swali lenyewe

Unapimaje mapenzi ya kiumbe asiyesema? Watafiti waliazima njia kutoka kwa wataalamu wa watoto. Mary Ainsworth alikuwa akimweka mtoto mdogo na mama yake kwenye chumba kigeni, mama anatoka, mgeni anaingia, kisha mama anarudi, na kinachoangaliwa ni mtoto anafanya nini. Mtoto aliyeshikamana na mama hucheza kwa amani mama akiwepo, hutaabika akitoka, na akirudi humkimbilia kisha huendelea kucheza. Mwaka 1998 watafiti wa Hungaria walifanya vivyo hivyo kwa mbwa na wenye mbwa. Mbwa walicheza na kuchunguza chumba zaidi mwenyewe akiwepo, akitoka walisimama mlangoni, na akirudi walimlaki kwa namna ambayo hawakumlaki mgeni. Kama mtu kwa mbwa ni sahani inayotembea tu, mgeni mwenye mkono mwema angetosha.

Jaribio la pili liligusa homoni. Oksitosini ni homoni inayohusika na uzazi, kunyonyesha, na ule upendo unaomfunga mama na mtoto wake. Mwaka 2015 watafiti wa Japani waliwaacha mbwa na wenye mbwa chumbani kwa dakika 30, wakapima mkojo wa wote wawili kabla na baada. Wale waliotazamana machoni kwa muda mrefu, oksitosini ilipanda kwa mtu, ikapanda na kwa mbwa. Mbwa anamtazama mtu, homoni ya mtu inapanda, mtu anamshika na kumsemesha, homoni ya mbwa inapanda, naye anazidi kutazama. Kwa mbwa mwitu waliolelewa na watu tangu wachanga jambo hilo halikuonekana. Hapo ile tofauti ya kuzoeshwa na kufugika inajitokeza tena: hata mbwa mwitu mpole, anayekula mkononi mwako, hatafuti macho yako kama mbwa anavyoyatafuta. Mbwa ana hata msuli mdogo wa kunyanyua nyusi kwa ndani, unaompa ule uso wa kuomba tunaoushindwa sote. Uchunguzi wa mwaka 2019 uliukuta umeimarika kwa mbwa, ilhali kwa mbwa mwitu ni nyuzi chache tu.

Na chakula? Gregory Berns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwafundisha mbwa kulala kimya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, bila kufungwa wala kupewa dawa ya usingizi. Mbwa walijifunza kwamba kifaa fulani kikionyeshwa kinafuata chakula, na kingine kikionyeshwa mwenye mbwa anajitokeza na kuwasifia. Katika matokeo ya mwaka 2016, kwa mbwa 13 kati ya 15, ile sehemu ya ubongo inayosubiri jambo zuri iliamka kwa sifa sawasawa na kwa chakula, au hata zaidi. Wawili ndio waliotaka chakula waziwazi. Kwa hiyo yule wa tatu kwenye ubishi wetu hakukosea kabisa, wapo mbwa wa namna hiyo. Ila ni wachache, na hata binadamu hukaa vizuri zaidi mezani kwa anayempikia.

Hachikō hutajwa sana katika mjadala huu. Alikuwa mbwa wa Tokyo aliyezoea kumpokea mwenyewe, Profesa Hidesaburō Ueno, kwenye stesheni ya Shibuya. Profesa alifariki mwaka 1925, na Hachikō akaendelea kwenda stesheni mpaka alipokufa mwaka 1935. Wabishi husema alifuata nyama ya kuokwa kwenye vijiti iliyouzwa pale, na ni kweli vijiti hivyo vilikutwa tumboni mwake. Lakini miaka ya mwanzo watu wa stesheni walimfukuza na kumnyanyasa. Ukarimu ulimjia baada ya gazeti kuandika habari zake mwaka 1932. Kinachohitaji maelezo ni ile miaka aliyokwenda na kurudi bila mtu wa kumjali.

Paka naye?

Paka anasingiziwa sana. Babu yake aliwinda peke yake, kwa hiyo hakurithi lugha ya kundi kama ya mbwa, na anayesubiri paka amlaki mlangoni kwa kurukaruka atangoja. Kristyn Vitale na wenzake nchini Marekani walifanya lile jaribio la chumba kigeni kwa paka wadogo, na mwaka 2019 wakaripoti kwamba takriban asilimia 64 walionyesha kushikamana kwa usalama na watu wao, kiwango kinachokaribiana na cha watoto wa binadamu. Wataalamu hawajakubaliana wote, maana utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 uliona paka wazima hawamhitaji mtu kama kimbilio hata kama wanafurahia kuwa naye. Mimi naona matokeo hayo mawili hayapigani sana. Paka anaweza kukupenda bila kukutegemea akupe ujasiri.

Ukitaka kumsoma, tazama vitu vidogo. Anapopita akasugua shavu lake kwenye ugoko wako, anaacha harufu kutoka kwenye tezi za usoni, harufu anayoipaka mahali na watu anaowaona ni wake. Anapokutazama kisha akafumba macho polepole na kuyafumbua nusu, yuko salama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walithibitisha mwaka 2020 kwamba mtu akimfumbia macho polepole hivyo, paka huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumrudishia, na hata kumsogelea mgeni aliyefanya hivyo. Jaribu leo, taratibu, bila kumkodolea.

Yale tunayoyasoma vibaya

Umerudi nyumbani, mto umeraruliwa, mbwa ameinamisha kichwa na kubana mkia. "Anajua alichofanya!" ndivyo tunavyosema. Mtafiti Alexandra Horowitz alilipima hilo mwaka 2009 kwa kuwadanganya wenye mbwa: baadhi waliambiwa mbwa wao ameiba chakula ilhali hakuiba. Uso wa hatia ulijitokeza mtu alipogomba, mbwa awe ametenda kosa au la. Kinachoonekana pale ni hofu ya sauti yako na sura yako. Kumpiga mbwa saa tatu baada ya tendo ni kumwadhibu kwa sababu asiyoijua, na hapa ndipo kumfanya mnyama mtu kunapogeuka ukatili. Kwa kweli hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu wanaolifanya mara nyingi ni watu wanaowapenda mbwa wao.

Mkia unaotikisika nao si cheti cha furaha. Ukiwa umelegea na kiuno kizima kinacheza, ni furaha. Ukiwa umesimama juu, mgumu, ukitikisika kwa haraka, mbwa amepandwa na jazba na mkono wako ubaki ulipo. Ule mngurumo laini wa paka pia huwadanganya wengi: hutoka akiwa ameridhika, lakini paka huutoa hata akiwa na maumivu makali au anapozaa. Paka mgonjwa anayenguruma kwa mtindo huo bado anahitaji daktari wa wanyama. Na ile hesabu ya mwaka mmoja wa mbwa kuwa saba ya binadamu iacheni, kwani mbwa wa mwaka mmoja tayari anaweza kuzaa, na mbwa wakubwa kwa umbo huzeeka mapema kuliko wadogo.

Je, mnyama ni dawa?

Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 92 wa moyo nchini Marekani. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani, 3 walikuwa wamefariki baada ya mwaka mmoja. Kati ya 39 wasio na wanyama, walikuwa 11. Habari hiyo ilienea, na tangu hapo kila kukicha unasoma kwamba mbwa hushusha presha, paka huondoa sonona, samaki kwenye tangi hutibu wasiwasi.

Hapa lazima twende taratibu. Wanaobeba miavuli ndio utakaowakuta kwenye mvua, lakini mwavuli hauleti mvua. Vivyo hivyo, anayeweza kufuga mbwa mara nyingi ana nafasi, kipato, miguu inayotembea na watu wa kumsaidia, na mambo hayo yenyewe huleta afya. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliangalia zaidi ya watoto 5,000 wa California. Mwanzoni wenye wanyama walionekana wazima zaidi, lakini tofauti za familia zilipoondolewa kwenye hesabu, faida ile ilififia. Kilichobaki imara ni vitu vya kawaida: mwenye mbwa hutembea zaidi kwa sababu mbwa lazima atolewe, na mtu mpweke hupata kiumbe wa kuzungumza naye na sababu ya kuamka. Hayo si madogo. Ila usimnunulie mtoto mwenye huzuni mbwa ukadhani umemaliza kazi, maana mbwa hawezi kubeba mzigo wa tabibu, na akishindwa kuubeba ndiye huishia kutupwa.

Mapenzi yanakuja na kazi

Kichaa cha mbwa kinaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu asilimia 40 wakiwa watoto wa chini ya miaka 15, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa: mbwa achanjwe kila inapotakiwa, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Wajawazito wengi huambiwa wamtupe paka kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma. Hatari ipo, lakini vimelea vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji kati ya siku moja na tano kabla ya kuweza kuambukiza. Choo cha paka kikisafishwa kila siku, na mtu mwingine au kwa glavu, hatari inapungua mno. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa zinastahili hofu hiyo zaidi kuliko paka aliyelala kibarazani.

Mapenzi pia ni kujua usichompa. Chokoleti, vitunguu na zabibu humdhuru mbwa, na kidonge cha paracetamol unachokimeza bila kufikiri kinaweza kumuua paka. Na mnyama wa porini asigeuzwe kipenzi kwa sababu tu anapendeza. Kasuku wa kijivu wa Afrika anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, ana akili nyingi, na akifungiwa peke yake hujinyofoa manyoya mpaka kifua kikabaki wazi. Wengi wamekamatwa porini kwa ajili ya biashara hiyo kiasi kwamba tangu mwaka 2017 mkataba wa kimataifa umepiga marufuku kuwauza nje kibiashara wakiwa wametolewa msituni.

Akifa

Turudi kwa yule mwenye msiba. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba Wamisri wa kale, paka wa nyumba akifa kifo chake, walinyoa nyusi. Akifa mbwa, walinyoa mwili mzima. Walikuwa na namna ya kuonyesha, na jirani alielewa bila kuuliza. Mtu wa leo hana. Hapewi ruhusa kazini, hakuna matanga, na akilia anaambiwa achukue mwingine. Kenneth Doka, aliyechunguza majonzi, alieleza tangu mwaka 1989 kwamba huzuni ambayo jamii haiitambui huwa nzito zaidi, kwa kuwa anayeibeba anabeba na aibu juu yake.

Huzuni hiyo ina sababu za wazi. Mnyama yumo katika ratiba ya mwili wako: saa ya kulisha, saa ya kutoka, uzito wake miguuni usiku. Hakuwahi kugombana nawe kuhusu pesa. Tena mara nyingi ni wewe uliyetia saini achomwe sindano ya mwisho, uamuzi ambao ni wachache wanaolazimika kuufanya kwa ndugu yao, na hatia ya uamuzi ule hudumu hata pale daktari amekuhakikishia ulikuwa sahihi. Anayehuzunika namna hiyo anahitaji kuambiwa pole, kisha aulizwe mnyama wake alikuwa wa namna gani na aachwe aseme.

Kama kuna mbwa mwingine nyumbani, naye muangalie. Utafiti wa Italia uliotolewa mwaka 2022 ulikusanya maelezo ya wenye mbwa zaidi ya mmoja, na wengi walisema aliyebaki alibadilika: alitafuta zaidi kuwa karibu na mtu au alipunguza kucheza, na baadhi walimwona akilala zaidi na kula kidogo. Kama huko ndiko kuhuzunika tunakokujua sisi, hakuna anayeweza kuapa. Anachohitaji kinajulikana: alishwe saa zilezile, atembezwe njia ileile, na akigoma kula kwa zaidi ya siku moja, apelekwe kwa daktari.